Visu vya Kukunja vya Bei Nafuu: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Kisu cha mfukoni cha bei ya chini kinaweza kuwa kisu kizuri kabisa, cha kukata kamba, maboksi, matunda na mipira ya umwagiliaji kwa miaka mingi. Ila bei nafuu zipo za aina mbili. Kuna kisu ambacho bei yake ni ndogo kwa sababu hakina mambo mengi: bapa moja, ribiti moja, mpini wa mbao, basi. Na kuna kisu ambacho bei yake ni ndogo kwa sababu aliyekitengeneza alibana kwenye chuma, mahali ambapo huwezi kupaona, kisha akakiremba pale macho yako yanapotua kwanza. Hivi viwili vinaweza kukaa kwenye rafu moja kwa bei ileile.

Kwa hiyo nimevipanga kwa swali moja tu: hiyo pesa ndogo uliyotoa imeingia wapi?

Kwanza chuma

Soma kilichoandikwa kwenye shina la bapa, karibu na mpini. Ukikuta neno "stainless" peke yake, mtengenezaji amekwambia kisu hakitashika kutu haraka, hajakwambia kingine. "440" bila herufi nayo ni mtego wa zamani. Kuna 440A yenye kaboni asilimia 0.60 hadi 0.75, na kuna 440C yenye asilimia 0.95 hadi 1.20, kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu na kushika makali. Mwenye 440C huiandika C yake kwa fahari. Asiyeandika herufi, mhesabie ile ya chini.

Vyuma kama 3Cr13 na 420J2 ni laini. Vinanoleka upesi, lakini baada ya boksi chache ukingo unalala na kisu kinaanza kuparura. Kwa bei nafuu unayoweza kuifurahia, tafuta 8Cr13MoV, 12C27, 14C28N au D2. Hii D2 ina kaboni kama asilimia 1.5 na kromiamu takribani 12, inashika makali muda mrefu kuliko wenzake, ila usiichukulie kama chuma kisichoshika kutu. Ukikata limau, pangusa kabla ya kukunja.

Hata hivyo jina la chuma halimalizi habari. Chuma kilekile kikipashwa moto vibaya kiwandani huwa laini au huwa kinamegeka, na hilo halionekani kwa macho. Ndiyo maana napendelea kampuni yenye jina la kulinda, hata kama chuma chake si cha kifahari. Na kuna unene. Bapa jembamba la chuma cha kawaida litakata tufaha vizuri kuliko bapa nene la chuma cha bei mbaya, kwa sababu nene hupasua badala ya kukata. Visu vingi vya bei rahisi vimetengenezwa vinene ili vionekane vya kikomando.

Nafasi ya kwanza: Opinel Na. 8

Sioni mshindani wake kwa anayetaka kukata tu. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, na umbo halijabadilika sana. Bapa la Na. 8 lina urefu wa sentimita 8.5 na unene usiofika milimita 2. Unachagua la kaboni, linalonoleka kwa raha na kubadilika rangi kadiri unavyolitumia, au la 12C27 kama hutaki habari za kutu. Mwaka 1955 iliongezwa pete ya chuma shingoni: ukishafungua kisu unaizungusha kidogo na bapa haliwezi kukufungia vidole.

Kasoro yake ni mbao. Ikinyonya maji inavimba na bapa linang'ang'ania ndani ya mpini, hutalitoa kwa kucha. Dawa yake ni kuhakikisha pete iko wazi, kushika mpini mlegevu na kugonga kitako chake kwenye ukingo wa meza. Bapa linachomoza kidogo, unalivuta. Anayeshinda kwenye maji, mvuvi kwa mfano, achague kingine. Na kufungua kunahitaji mikono miwili.

Nafasi ya pili: Victorinox ndogo

Nazungumzia Cadet, Spartan na ndugu zake, si yale matofali yenye vifaa thelathini. Chuma chake si kigumu sana, kama 55 hadi 56 kwa kipimo cha Rockwell, na wapenda visu hukibeza kwa hilo. Mimi sikibezi. Bapa ni jembamba, linanolewa kwa dakika chache hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa rangi, na kila kisu kinachotoka Ibach, Uswisi, kinafanana na mwenzake. Kile kifungua chupa chenye ncha ya bisibisi utakitumia kuliko unavyodhani.

Bapa kubwa la visu hivi halina loki, linashikiliwa na springi tu. Ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu, linaweza kukurudia. Lakini ukosefu huo una faida kisheria: Uingereza, kwa mfano, inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kuulizwa sababu, ilhali Opinel yenye pete yake haimo kwenye ruhusa hiyo. Angalia sheria ya unakoishi kabla ya kulipa. Na kwenye ndege, popote uendako, kiweke kwenye begi la kukabidhi.

Nafasi ya tatu: visu vya China vyenye jina

Hapa ndipo mambo yamebadilika zaidi. Yangjiang, mji wa Guangdong unaojulikana kwa visu, unatoa takataka na unatoa kazi safi pia. Civivi, ambayo ni tawi la bei nafuu la WE Knife, inakupa bapa la D2 linalozunguka juu ya gololi, linalofunguka kwa kidole kimoja na kukaa katikati ya mpini bila kugusa upande wowote. Kisu chake cha Elementum ndicho ningemshauri anayetaka kisu chenye loki na klipu ya kukibana mfukoni kwa mara ya kwanza. Spyderco Tenacious, ya 8Cr13MoV, nayo hutengenezwa China kwa kampuni ya Marekani, na tundu lake la duara kwenye bapa hukuwezesha kukifungua hata ukiwa umevaa glavu. Ganzo iko chini kidogo: loki zake ni nzuri kwa bei yake, ingawa baadhi ya maumbo yake yanafanana mno na ya wengine.

Mbona basi nimeviweka vya tatu? Kwa sababu sehemu ya pesa yako imeingia kwenye gololi, klipu na skrubu. Vinapendeza mkononi, ila kwenye kukata tu Opinel inaviacha. Pia ndivyo vinavyoghushiwa zaidi, hasa Spyderco. Ukiona bei iko robo ya ile ya kila mahali, hiyo ni feki.

Ukikishika kimoja dukani, kifungue na utazame loki. Loki nyingi za bei hii ni bamba jembamba ndani ya mpini, linaloruka na kukaa nyuma ya shina la bapa. Bamba likigusa ukingoni tu, kama unywele, litateleza siku moja. Likiwa limevuka hadi upande wa pili kabisa, limekwisha kabla hujaanza kulitumia. Linatakiwa liingie kiasi cha theluthi moja. Kisha shika bapa kwa mgongo na ulitikise kushoto na kulia, halafu juu na chini. Mtikisiko wa pembeni mara nyingi huisha kwa kukaza skrubu. Wa juu na chini ni loki mbovu, rudisha.

Nafasi ya nne: wazee

Okapi ilianza Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Ni chuma cha kaboni, mpini wa mbao wenye nakshi za mwezi na nyota, na pete ya kuvuta ili kuachia loki ya meno, ile inayolia unapofungua kisu. Inakata vizuri ikishanolewa. Lakini hutoka kiwandani ikiwa butu na ikichezacheza, kwa hiyo ni ya mtu asiyeogopa jiwe na nyundo. Douk-Douk ya Ufaransa na Higonokami ya Japani ziko kundi hilihili: mpini ni bati lililokunjwa, chuma ni kizuri, loki hakuna. Nazipenda, ila simnunulii mtu zawadi bila kumuuliza.

Mkiani

Kisu kisicho na jina, chenye rangi za upinde wa mvua, meno ya msumeno nusu bapa, filimbi, kiberiti cha kukwaruza na ncha ya kuvunjia kioo. Kiache. Vivyo hivyo "Damaski" ya bei ya kutupa, yaani bapa lenye michirizi kama mawimbi ya chuma cha tabaka, ambayo mara nyingi ni michoro iliyochomwa juu ya chuma hafifu.

Je, kuna haja ya kupanda bei? Kama kazi yako ni kukata maboksi kutwa nzima, ndiyo, kwa sababu karatasi ngumu hula makali upesi na chuma kama S35VN kitakupunguzia kunoa. Kwa wengine, tofauti hiyo ya bei inatosha kununua jiwe la kunolea lenye pande mbili, na hapo ndipo ningeipeleka. Visu vya bei nafuu mara nyingi huja na makali ya kiwandani yasiyo sawa. Lowesha jiwe, weka bapa kama nyuzi 20, sukuma kwenye upande wa jiwe unaokwaruza mpaka usikie kwa kidole ukingo mdogo uliopindukia upande wa pili, geuza ufanye vivyo hivyo, kisha malizia upande laini. Jaribu kwenye karatasi ya gazeti. Ikichanika badala ya kukatika, ukingo ule bado umelala upande mmoja. Rudi kwenye upande laini na upunguze mkono.