Waipa za bei ya chini au za bei ya juu: zipi za kununua, kwa mpangilio

Mvua inaponyesha usiku na lori lililo mbele linakurushia maji ya tope, kinachokuwezesha kuona ni ukingo wa raba usiozidi milimita moja kwa unene. Ukingo huo ndio unaofuta. Fremu, plastiki, chuma cha ndani na mkono wenye springi, vyote vipo ili kuubana kwenye kioo kwa nguvu iliyo sawa kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo unaponunua waipa unalipia mambo mawili tu: raba yenyewe, na jinsi nguvu inavyogawanywa juu yake. Mengine ni mapambo ya boksi.

Kipimo kinatangulia chapa. Magari mengi yana waipa ndefu upande wa dereva na fupi upande wa abiria, kwa mfano inchi 26 na 16, au 24 na 18. Pima raba ya zamani kutoka ncha hadi ncha: milimita 400 ni kama inchi 16, 450 ni 18, 500 ni 20, 600 ni 24, 650 ni 26. Usikubali muuzaji akwambie inchi moja zaidi haina neno. Waipa iliyozidi hugonga nguzo ya kioo au hugongana na mwenzake katikati, na mota hulemewa. Ukikosa kabisa kipimo chako, afadhali ipungue inchi moja, ukijua kuna ukanda mwembamba pembeni utakaobaki haujafutwa.

Halafu tazama mkono wa gari lako unashika vipi. Wa kawaida ni ndoano yenye umbo la J, upana wa milimita 9 na unene wa 3 au 4. Magari mengi ya karibuni yana kishikio cha kubonyeza au cha pini ya pembeni, na waipa za kutoshea magari mengi huja na adapta kadhaa ndani ya boksi. Chagua adapta isiyocheza hata kidogo. Adapta iliyolegea hugonga kila waipa inapogeuka, na ikichomoka katika mwendo, chuma kitupu cha mkono kinakwaruza kioo. Mkwaruzo huo hauondoki kwa kufuta.

Sasa mpangilio wetu. Nafasi ya kwanza tunazipa waipa bapa za bei ya kati na kuendelea, za mtengenezaji anayejulikana (Bosch, Valeo, Denso na wenzao), zilizoandikwa modeli na mwaka wa gari lako. Waipa bapa haina fremu ya nje. Ndani ya raba kuna ukanda wa chuma cha springi uliokunjwa kidogo kama upinde. Mkono unapoukandamiza, upinde hunyooka kufuata mbinuko wa kioo na kusambaza nguvu urefu wote. Mgongo wake wenye umbo la bawa hutumia upepo kuikandamiza chini, ndiyo maana hainyanyuki kwenye barabara ya mwendo kasi. Lakini upinde huo lazima ulingane na kioo chako. Ukizidi, ncha zinabana sana na katikati panabaki maji. Ukipungua, ncha zinaelea. Hapo ndipo pesa ya ziada ina maana.

Ya pili huenda ikakushangaza: raba peke yake, iliyovishwa kwenye fremu yako ya zamani. Waipa ya fremu iliyokuja na gari mara nyingi imetengenezwa vizuri kuliko mpya nyingi za bei ya chini, na kinachochakaa ni raba, si chuma. Shika fremu uitikise. Kama ribiti (pini zinazounga viungo vya fremu) hazilii na makucha yanayoshika raba hayajapinda, inastahili raba mpya. Nenda dukani na kipande cha ile ya zamani, maana upana hutofautiana (wa milimita 6 na wa 8 ni wa kawaida) na umbo la mfereji pia. Pembeni mwa raba ya zamani kuna vipande viwili vyembamba vya chuma: angalia vilivyokaa, kisha uvichomoe na kuviweka vivyo hivyo kwenye raba mpya. Mapengo yake madogo hutazama ndani na kushika vinundu vya raba, na mkunjo wake huelekea kioo. Ukivigeuza, katikati hapatafutwa kamwe, na utailaumu raba isiyo na kosa. Pitisha kwenye makucha yote bila kuruka hata moja, kisha hakikisha kucha la mwisho limekaa ndani ya kifuli. Lisipokaa, raba hutoka polepole hadi chuma kiguse kioo.

Waipa mseto, yaani fremu iliyofunikwa kwa ganda la plastiki, tunaziweka ya tatu. Ni nzuri kwa vioo vyenye mbinuko mkubwa, maana fremu hufuata mbinuko vizuri na ganda huzuia upepo. Ubaya ni mchanga unaoingia chini ya ganda na kukwamisha viungo.

Waipa ya silikoni ni ya nne, na hapa wengi hawatakubaliana nasi. Inavumilia jua na joto kuliko raba asilia, hukaa muda mrefu zaidi, na huacha utando unaofanya maji yajikusanye matone na kuteleza. Ila silikoni huchanika kirahisi ikishapata jeraha dogo, na kwenye manyunyu mepesi au kioo chenye mabaki ya polishi huruka-ruka. Anayepita njia za vumbi na mchanga kila siku atailipia bei kubwa na kuitupa mapema. Anayeegesha juani na kuosha kioo mara kwa mara atafaidi.

Ya tano ni fremu ya chuma ya bei ya chini kutoka kwa mtengenezaji mwenye jina. Si aibu kuinunua. Inafuta vizuri ikiwa mpya, na kwa gari la mizunguko ya mjini inatosha. Katika mwendo mkubwa upepo huinyanyua, na rangi ikibanduka kutu hukaza viungo.

Ya mwisho, na tungependa usiiguse, ni waipa bapa ya bei ya chini sana isiyo na jina. Inafanana na ile ya kwanza kwa macho, lakini chuma cha ndani ni laini na mkunjo ni mmoja kwa magari yote. Wiki za kwanza inafuta, kisha chuma kinachoka na ncha zinaanza kuelea. Fremu ya bei hiyohiyo ni bora kuliko hii.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei ya boksi. Gawanya bei kwa miezi. Jozi ya bei mara mbili ikidumu mwaka, na ya bei ndogo ikiisha kwa miezi minne, hiyo ndogo umeinunua mara tatu na miezi mingine umeendesha ukichungulia. Bajeti ikibana, weka nzuri upande wa dereva na ya kawaida upande wa abiria.

Dukani, fungua boksi. Pitisha ukucha polepole kwenye ukingo: uwe mkali, ulionyooka, bila pengo wala mawimbi. Ulaze upande mmoja kwa kidole kisha uachie. Urudi mara moja. Raba iliyokaa sana ghalani hurudi kwa uvivu, au huonyesha nyufa ndogo ukiikunja. Vumbi jeusi linalobaki kidoleni mara nyingi ni grafiti (unga laini wa kulainisha) iliyopakwa ili raba iteleze, basi usilisugue liishe.

Kabla ya kufunga, osha kioo kwa sabuni na maji, kausha, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti hadi kitambaa kitoke safi. Ukungu wa mafuta ya barabarani na polishi ya mwoshaji magari ndivyo vinavyofanya waipa nyingi nzima zitupwe. Na raba usiifute kwa petroli, mafuta ya taa wala dizeli: raba asilia huvimba na ukingo unapinda.

Kufunga ni kazi ya dakika tano. Kama mikono imejificha chini ya boneti, kwenye magari mengi ya namna hiyo unazima swichi ya gari kisha unagusa swichi ya waipa ili mikono isimame wima. Inua mkono na utandike taulo nene juu ya kioo, kwa sababu springi ikiachia mkono mtupu kioo kinaweza kupasuka. Bonyeza ulimi wa plastiki, sukuma waipa kuelekea shina la mkono itoke kwenye ndoano, ingiza mpya hadi isikike tiki, kisha ivute kuhakikisha. Ondoa ganda jembamba la plastiki linalofunika ukingo wa raba, maana wengine huliacha na kurudi dukani kulalamika. Teremsha mkono taratibu.

Lowesha kioo na uzungushe waipa mara tano hivi. Mstari mmoja mwembamba ni uchafu au pengo kwenye ukingo. Ukanda mpana usiofutwa ni nguvu isiyofika hapo. Waipa ikiruka-ruka kuelekea upande mmoja tu, ukingo haugeuki kulala upande wa pili, na mara nyingi mkono umepinda: ukiwa katikati ya njia yake, waipa inapaswa kusimama wima juu ya kioo bila kuinama. Fundi huunyoosha kidogo kwa spana. Na kama mstari unabaki mahali palepale hata ukibadilisha raba, pitisha ukucha juu ya kioo. Ukikwama, hakuna waipa ya bei yoyote itakayoufuta.