TAHADHARI: Gari ikizimika ghafla, usikubali kuuziwa pampu ya mafuta kabla haijapimwa

Ndugu zangu wenye IST, Vitz, Passo na gari nyingine ndogo, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna mchezo unachezwa kati ya fundi na muuza spea pale Gerezani, Kariakoo, na mimi nimeshaliwa laki mbili. Duka silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, ila mchezo wenyewe nitaueleza wote ili ukikutana nao uutambue.

Gari yangu ni IST ya injini ya 1NZ, cc 1500. Tatizo lilianza mwezi wa pili, joto la Dar limepamba moto. Asubuhi natoka Tabata hadi Mwenge bila shida yoyote. Jioni kwenye foleni ya Mandela, gari imeshinda juani, ghafla kimya. Haikohoi, haitetemeki, inakatika kama mtu amezima swichi. Napiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Nikisubiri nusu saa inawaka kama haikuwa na kitu. Mara ya tatu ilinizimikia juu ya daraja la Kijazi pale Ubungo, wanangu wawili wako siti ya nyuma, semitrela liko mgongoni linapiga honi. Nilitetemeka mpaka nafika nyumbani. Baada ya siku ile nilikuwa tayari kumwamini yeyote atakayesema anaujua ugonjwa, na hawa watu wanaiona hofu hiyo usoni mwako.

Fundi niliyeelekezwa hakuunga mashine ya kusoma kompyuta ya gari wala hakushika geji ya presha ya mafuta. Alinisikiliza, akainua siti ya nyuma, akagonga mfuniko wa pampu kwa ngumi mara mbili, akasema, "Dada, pampu imekufa hii. Ukichelewa itakuunguzia na kompyuta ya gari." Akapiga simu palepale. Dakika 20 hazikuisha, kijana wa bodaboda akaleta boksi lenye jina la kampuni ya Kijapani. Pampu 160,000, ufundi 40,000. Nilipouliza ya zamani iko wapi, niliambiwa ni uchafu, imeshatupwa.

Wiki ile gari ilizima mara mbili tena, vilevile. Halafu likaja tatizo jipya ambalo sikuwa nalo kabisa. Nilikuwa namfuata mama stendi ya Magufuli, Mbezi. Kupanda kilima cha Kimara nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, gari inavuta pumzi tu, haivuki 40. Daladala zote zikanipita. Nikampigia fundi, akaniambia sasa ni koili, yaani vifaa vinavyopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, nne kwa 280,000, na "jamaa wa spea ni yuleyule, atakupunguzia".

Hapo ndipo jirani akanipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Tabata Kimanga. Mzee alikataa kuigusa gari ikiwa ya baridi. "Mwanangu, ugonjwa wa joto haupimwi asubuhi." Aliiacha inaunguruma na AC imewashwa, akaendelea na kazi zake. Baada ya saa moja na kitu ikazima. Alikuja mbio, akamwambia kijana wake apige stata, yeye ameinama anaangalia mshale wa resi kwenye dashibodi. Haukunyanyuka hata kidogo. Akaunga mashine: injini inazunguka tunaiona kwa macho, mashine inasoma sifuri. Akachomoa koili moja, akaiwekea plagi ya kupimia, hakuna cheche. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha maji ya baridi, akakibana kwenye kidude kidogo cheusi chini karibu na puli ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Dakika chache, akapiga stata. Ikawaka.

Kidude hicho ni sensa ya krenki. Ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Waya mwembamba uliosokotwa ndani yake ukichoka, ukipata joto unaachia, ukipoa unagusana tena. Ikinyamaza, kompyuta inakata cheche na mafuta kwa pamoja, ndiyo maana gari inakufa bila kukohoa. Na taa ya injini si lazima iwake. Yangu haikuwaka hata siku moja, na yule fundi wa kwanza alitumia hilo hilo kunihakikishia kwamba "umeme uko sawa".

Pampu inayokufa kwa kawaida ina dalili zake. Gari inalegea kwanza, inashtuka-shtuka, inachoka mlimani au ukitaka kulipita gari lingine, ndipo izime. Yaani ile hali ya Kimara. Mzee akafungua paipu ya mafuta akaunga geji ya presha. Injini ya 1NZ inatakiwa isome kati ya PSI 44 na 50. Yangu ilisoma 36, na akikanyaga resi inashuka mpaka 25. Pampu "mpya" ya wiki tatu!

Tukaitoa tuiangalie. Kwa mbali inang'aa. Ukiisogeza karibu unaona mwili wake umepigwa msasa, miguu ya soketi ina mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa, na stika imebandikwa ikiwa imepinda. Mzee akaikwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na maandishi ya maka peni nyeusi: PASO. Ni pampu iliyotolewa kwenye gari ya mtu mwingine, ikasafishwa, ikabandikwa stika, ikatiwa boksini. Sasa naelewa kwa nini yangu ilitupwa haraka hivyo. Pampu yangu ilikuwa nzima.

Kwa hiyo nawaomba sana: spea yoyote inayotolewa kwenye gari yako ni mali yako, iwekwe mkononi mwako kabla hujalipa. Fundi akisema pampu, mwambie aunge geji mbele yako, kabla ya kubadilisha na baada. Hana geji, ondoka. Boksi lifunguliwe wewe ukiwa hapo, unuse pia, kwa sababu pampu mpya hainuki petroli iliyolala. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandika jina la spea na jina la duka. Mimi nilipewa karatasi ya daftari imeandikwa "spea 160,000", basi. Niliporudi dukani nayo, muuzaji akanijibu, "Dada yangu, spea ya umeme ikishafungwa hairudi," akaendelea kuhudumia wateja wengine. Fundi hapokei simu zangu.

Sensa mpya ilinigharimu 55,000, na pampu nzima nilinunua kwingine, tukaipima presha kabla ya kurudisha siti. Tangu hapo gari haijazima, hata kwenye foleni ya saa kumi na moja.

Malalamiko nimepeleka Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa bidhaa bandia ni kazi yao. Ile pampu, stika yake, boksi na karatasi ya daftari vyote nimevifunga kwenye mfuko mmoja. Kama na wewe ulifungiwa pampu kwa staili hii maeneo yale, inua siti, uipige picha, uitoe na uitunze. Usiitupe, na usimrudishie fundi hata akisema anaenda kukubadilishia.