Folda za barua pepe: ubadili jina au uunde yako?

Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Kikasha (folda ya barua zinazoingia, Inbox) katika Thunderbird, programu ya barua pepe, utakuta huwezi kubadili jina lake. Si ubahili wa watengenezaji. Kwenye akaunti za IMAP, yaani zile ambazo barua hukaa kwenye seva na kusomwa kutoka vifaa vingi, jina INBOX limetengwa na kanuni zenyewe, na unachosoma kwenye skrini ni tafsiri tu inayofuata lugha ya programu. Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, nayo hukataa kubadili majina ya folda zake za msingi. Ila ikiwa majina yamekwama katika lugha usiyoitaka, funga Outlook ya kawaida ya Windows (classic), kisha iwashe kwa amri outlook.exe /resetfoldernames. Yatarudi katika lugha ya programu, si majina uliyoyabuni wewe.

Wapo wanaolazimisha mambo kwa kubadili jina kwenye seva. Hapo ndipo balaa huanza: programu haiioni folda iliyoizoea, inaunda nyingine, na barua zilizotumwa zinagawanyika sehemu mbili. Simu nayo huenda ikashika ile ya zamani.

Njia ya pili naipenda zaidi. Unda folda yako, iite utakavyo, kisha katika mipangilio ya akaunti ya Thunderbird, sehemu ya nakala na folda, ielekeze programu ihifadhi humo zilizotumwa, rasimu au kumbukumbu. Barua za zamani utazihamisha mwenyewe. Folda ya awali itabaki hapo tupu, inakera kidogo, lakini haidhuru kitu. Kikasha, hata hivyo, hakina njia hiyo. Labda uweke kichujio kinachohamisha barua mpya.