Kaunta ya Geiger: nimeipima kutoka Shangani hadi Masasi

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mtwara, na kaunta hii ndogo ya kuhesabu mionzi, yenye bomba la SBM-20 (bomba la gesi linalonasa mionzi), naisifu bila kusita. Ila usiinunue kwa ajili ya namba ya mikrosiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) iliyo kwenye kioo chake.

Namba hiyo hupanda na kushuka hata kaunta ikiwa imetulia mezani. Mwalimu mwenzangu alidhani ni mbovu. Hapana, ndivyo mionzi asilia ilivyo: inatoka anga za juu na kwenye urani, thoriamu na potasiamu ya ardhini, na kila chembe hufika kivyake, bila ratiba. Kila chembe inayonaswa hutoa mlio mmoja; ukihesabu milio, tegemea hesabu iyumbe kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Wastani ukiwa 20 kwa dakika, dakika hii utapata 14, ijayo 27, na hakuna kilichobadilika.

Ufukweni Shangani, hapa Mtwara mjini, juu ya mawe ya matumbawe, dakika moja ilinipa milio 17. Masasi, upande wa bara wa mkoa huu, chini ya majabali yake, 22. Tofauti ni 5, lakini kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha jumla ya milio yote, 39, zaidi kidogo ya 6. Hapo huna la kusema. Nikaiacha ihesabu dakika 20 kila mahali: 340 Shangani, 440 Masasi. Sasa tofauti ni 100 na kuyumba kwake 28 tu. Miamba ya Masasi kweli ina mionzi zaidi, na nimelijua hilo kwa subira, wala si kwa kifaa cha bei kubwa.

Darasani ndiko inakong'ara. Tuliigawa hesabu katika vipande vya sekunde 3, wastani mlio mmoja kwa kipande. Kanuni ya Poisson ya mwaka 1837, ya matukio yanayokuja kivyake bila ratiba, inasema vipande 37 kati ya 100 vitakuwa kimya kabisa. Vijana walibisha sana, mpaka walipochora grafu yao wenyewe. Wanafizikia Rutherford na Geiger walifanya kazi ya aina hiyo mwaka 1910, wakihesabu vimweko vya mwanga vilivyotokana na mionzi ya poloniamu katika vipindi 2,608. Sisi tulifanya kwa kifaa kinachoingia mfukoni!

Kasoro: bomba hili halioni chembe za alfa (aina ya mionzi isiyopenya ukuta wa bomba), na kijitabu chake hakisemi lolote kuhusu kuyumba kwa hesabu, jambo ambalo mnunuzi analihitaji kuliko yote. Ukichagua, chukua yenye tundu la kuunganisha kompyuta. Ukitaka kuyumba kusizidi asilimia 1 ya hesabu, unahitaji milio 10,000, yaani zaidi ya saa 8 kwa mionzi yetu ya hapa.