Cheti cha Gaydon na ripoti ya Marti: zinavyomfaa mnunuzi wa gari la kale Nairobi

Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, ya Ngong Racecourse inapokaribia, wenye magari ya kale huanza kusikia maneno yaleyale: hili lilitengenezwa na kiwanda kwa ajili ya maonyesho, liko moja tu. Bei hupanda papo hapo. Maneno hayo yanaweza kupimwa kwa huduma mbili za ng'ambo zinazolipiwa mtu akiwa kwake Nairobi: cheti cha urithi cha British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, na ripoti ya Marti Auto Works ya Arizona, Marekani, kwa magari ya Ford. Zote mbili ni nzuri, ila kila moja ina mahali inapoishia. Watu hupoteza pesa hapo.

Cheti cha Gaydon kinaandikwa kutoka madaftari ya kiwanda yenyewe. Kinahusu Austin, Morris, MG, Riley, Wolseley, Triumph, Rover na Land Rover. Jaguar wana hazina yao, Jaguar Daimler Heritage Trust, kwa hiyo ombi la Jaguar lipelekwe huko. Utapata namba ya chesisi, ya injini na ya bodi, rangi ya nje na ya viti, vifaa vilivyofungwa kiwandani, tarehe gari lilipokamilika, lilipoondoka na lilikopelekwa. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa hapa kwetu. Mwenye gari akisema lilishuka Kenya likiwa jipya, na cheti kiseme lilikabidhiwa wakala wa Uingereza, ana maswali ya kujibu kabla hamjaanza kujadiliana bei.

Cheti hiki hupwaya kwa magari yaliyosafirishwa vipandevipande kwenye makasha yakaunganishwe nje. Daftari la kiwanda haliwezi kutaja rangi wala siku ya kukamilika, kwa sababu gari halikukamilikia pale. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chesisi. Kwa Land Rover Series IIA ya petroli, usukani wa kulia, yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, 241 ni ya soko la Uingereza, 242 ilisafirishwa nzima, 243 ilisafirishwa vipande. Kwa ile ya inchi 109, silinda nne, ni 251, 252 na 253. Ukikuta 243 au 253, tarajia cheti chenye mapengo na ujiulize kama kinastahili gharama.

Namba yenyewe isisomwe kwenye kibati peke yake, maana kibati hung'olewa na kufungwa kwenye gari jingine kwa dakika chache. Kwenye Land Rover hizi, namba imegongwa kwenye chuma cha chesisi, mbele kulia, kwenye kishikizo cha springi. Paka mafuta taa, acha yalale usiku mzima, kisha sugua kwa brashi ya waya ya mkono. Grinda isiguse pale kabisa: namba hizo hazina kina, na diski huzila pamoja na kutu. Pakaza chaki, mulika tochi kutoka ubavuni, piga picha. Ukiona kipande kipya kimechomelewa mahali hapo, usitume pesa kwa mtu yeyote hadi upate maelezo.

Ripoti ya Marti inatokana na kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia 1967, za magari yaliyotengenezwa Marekani na Kanada. Tunasisitiza hilo kwa sababu Escort, Cortina na Anglia za Ford ya Ulaya, zilizojaa historia ya Safari Rally, hazimo. Kwa Mustang, chukua ile inayoitwa Deluxe. Ile ya juu zaidi ni ya kuweka kando ya gari maonyeshoni. Kwa magari ya 1968 na kuendelea, linganisha namba ya gari na ile iliyogongwa kwenye injini na giaboksi.

Kwa anayefuatilia gari maalumu la kiwanda, utamu wa ripoti hii uko kwenye msimbo wa DSO (ofisi ya mauzo ya wilaya), ambao pia umo kwenye kibati cha mlango. Kwa kawaida ni tarakimu mbili za wilaya ya mauzo. 84 ni akiba ya makao makuu ya Ford, na 90 hadi 99 ni za kusafirishwa nje. Zikiwa sita, kulikuwa na agizo nje ya orodha ya kawaida. Wauzaji hupenda kuishia hapo. Agizo hilo huenda lilikuwa rangi maalumu tu.

Magari ya maonyesho yenyewe huponyoka kwenye madaftari. Thunderbird Italien ilianza maisha kama Thunderbird ya kawaida ya 1962 isiyo na paa la chuma, kisha kampuni ya Dearborn Steel Tubing wakaibadilisha kwa niaba ya Ford. Ukiwa na orodha ya kiwanda peke yake, utaliona gari lililoingia kwa fundi, si lililotoka. General Motors nao waliyapeleka baadhi ya magari ya maonyesho yao ya Motorama kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa Warhoops, Michigan, yakatwekatwe. Chevrolet Biscayne ya 1955 ilipatikana huko ikiwa vipande, na leo imerudishwa hali yake. Kwa gari la namna hii, ushahidi ni picha za wakati ule zilizowekwa sambamba na bodi: viungo vya kuchomelea, madini ya risasi ya kujazia mapengo chini ya rangi, matundu ya vifaa vilivyoondolewa. Kwangua putini kabla ya kuamini karatasi.

Upande wa Kenya, utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen ni wa bei nafuu na ni wa lazima, ila unakupa mmiliki wa sasa tu, pamoja na namba za chesisi na injini. Mlolongo wa wamiliki utautoa kwenye logibuku za zamani, stakabadhi za bima na picha za familia. Namba ya usajili husaidia pia: mfumo wenye herufi ya mwisho, kama KAA 001A, ulianza 1989, hivyo MG ya 1965 yenye namba hiyo ama iliingia nchini baadaye ama ilisajiliwa upya.

Kwa MG, Triumph au Land Rover iliyoondoka kiwandani nzima, lipia Gaydon bila kusita. Kwa Mustang ya 1967 na kuendelea, Marti Deluxe. Kwa muuzaji anayedai gari la maonyesho huku hana picha hata moja ya enzi zake, mlipe bei ya gari la kawaida.