Miche ya roshani yenye jua: ipi inunuliwe kwanza, ipi isubiri

Kabla ya kununua mche wowote, simama kwenye roshani yako asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone jua linafika wapi. Kampala iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo roshani inayotazama kaskazini hupata jua la moja kwa moja takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na ile ya kusini hulipata katika miezi iliyobaki. Ya mashariki hupata jua la upole la asubuhi. Ya magharibi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa jua la alasiri huchoma majani na kuupasha moto udongo ulio ndani ya chombo.

Katika mboga, naweka pilipili kali mbele ya zote. Mche mmoja hutosheka na chombo cha lita 10, hupenda jua, huvumilia siku moja ya kusahauliwa, na ukitunzwa huendelea kuzaa zaidi ya mwaka. Ya pili ni dodo, yaani mchicha wetu, ambayo haihitaji kununuliwa ikiwa miche: mbegu hupandwa moja kwa moja, na baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Kwa mwenye kasha lenye kina cha sentimita 20 tu, sioni mboga inayorudisha gharama upesi kama hiyo. Nakati, mboga ya majani ya jamii ya bilinganya, huifuata kwa karibu, ingawa huchelewa kidogo na hudai maji zaidi.

Sukuma wiki naiweka ya nne, kwa sababu vidukari huipenda sana, na kwenye roshani iliyozungukwa na kuta hakuna mvua ya kuwaosha. Lakini anayekagua upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili atachuma kwa miezi mingi.

Nyanya ndiyo inayotamanisha wengi, nami naiweka mwisho. Inataka chombo cha lita 20, nguzo ya kuegemea, na maji yasiyopungua leo na kuzidi kesho, kwani maji yakiyumba matunda hupasuka au huoza kitako. Niliwahi kununua miche mirefu iliyokwisha kutoa maua, nikidhani nimejipunguzia kazi. Mizizi yake ilikuwa imejisokota ndani ya kifuko, na haikuzaa chochote cha maana. Tangu hapo nachagua mche mfupi, mnene wa shina, usio na ua, na kila mara naomba kuona mizizi. Ukiitaka nyanya, anza na zile ndogo za vishada.

Kwa maua, portulaka ndiyo chaguo langu la kwanza: majani yake hutunza maji, na maua hufunguka jua linapowaka. Zinia huja nyuma yake, tena ni ya bei nafuu kwa sababu hupandwa kwa mbegu na huchanua katika takriban miezi miwili. Bugenvilia ningeinunua kwa roshani ya magharibi peke yake, katika chungu kizito, mbali na pahali watoto wanapopita, kwa ajili ya miiba. Vinka huvumilia ukame vizuri sana, lakini mmea wake una sumu ukiliwa, kwa hiyo usiuchanganye kamwe na mboga katika kasha moja.

Kuhusu chombo, jerikani ya lita 20 iliyokatwa ubavuni na kutobolewa matundu chini inatosha kabisa. Kasha la lita 40 lililojaa udongo uliolowa linaweza kuzidi kilo 60, basi liweke karibu na ukuta wa nyumba, si ukingoni. Changanya udongo na mboji, kisha utandaze maganda ya kahawa juu ili unyevu usipotee; udongo mtupu wa shambani hugandamana ukawa kama tofali.

Mbegu zinapatikana katika maduka ya pembejeo ya Container Village, eneo la biashara jijini Kampala, lakini kataa za kupimiwa kijiko. Chukua pakiti iliyofungwa yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Miche ya maua ya wauzaji wa kandokando ya barabara inunue mvua za Machi au Septemba zinapoanza, na uiweke kivulini siku tatu kabla ya kuipeleka juani.