Pembeni fupi, juu ndefu: mkato nilioukubali kwa uso wangu wa duara

Nina mashavu, tena si ya utotoni yanayokwisha ukifika ukubwani. Haya yamekua na mimi. Kwa hiyo nikisema nimekata nywele ili uso uonekane mwembamba, sitegemei mtu adhani nimepungua kilo. Nilitaka mkato usioongeza upana pale ambapo upana umeshajaa, na sasa nimeishi nao muda wa kutosha kuusema uzuri na ubaya wake.

Nywele zangu ni za kipilipili na sitii dawa. Nalitaja mapema kwa sababu ushauri mwingi wa uso wa duara unawahusu wenye nywele zinazolala. Wanakwambia uziache zishuke kupita kidevu, zitauvuta uso chini. Zangu nikizivuta kwa mkono zinagusa bega, nikiziachia zinarudi juu mpaka mashavuni na kutulia hapo hapo, zikitanuka kushoto na kulia. Urefu wote niliohangaika kuukuza unageuka upana, tena mahali pabaya kuliko pote.

Kwanza nilijaribu programu ya simu inayobandika mitindo juu ya picha yako. Siipendekezi. Haijui nywele zako ni za aina gani, inakuvika za mtu mwingine na kukuuliza kama umependeza. Halafu picha yenyewe ukijipiga kwa mkono inadanganya. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliokokotoa kwamba picha ikipigwa umbali wa kama sm 30, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kilicho karibu na kamera kinakuzwa, masikio na pembe za taya zinarudi nyuma, na wewe unachagua mkato wa sura ambayo hakuna anayekutana nayo barabarani. Ukitaka kujua umbo la uso wako, mpe mtu simu asogee nyuma hatua kadhaa, nywele zote zikiwa zimebanwa.

Fundi niliyemwendea alifanya karibu hivyo. Alinifunga kitambaa kichwani, akasimama mbele yangu, akaenda ubavuni, akarudi. Kisha akasema, "Dada, cheka kidogo." Nikacheka. Mashavu yalipopanda, akalaza kitana juu ya shavu, pale palipotokeza zaidi, akanionesha kwenye kioo: kuanzia hapa mpaka sikioni nywele zisijae. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba uso una umbo lake ukitulia na jingine ukicheka, na kwamba sisi wenye mashavu tunaonekana zaidi katika lile la pili.

Hakuzilowesha. Alichambua kifundo kimoja cha nywele karibu na paji, akakinyoosha chote, akakiachia. Kikaruka na kubaki chini ya nusu. "Zikiwa mbichi nakata kitu nisichokiona," akasema. Kwa nywele za kipilipili hii si madoido. Zikilowa hurefuka, zikikauka hujikunja, na sentimita mbili ulizokusudia kuondoa zinaweza kukuacha na kichwa cha mwanajeshi. Ukiona fundi anakimbilia maji kabla hajazigusa kavu, muulize sababu.

Pembeni alianza juu na kifuniko cha mashine namba 3, ambacho huacha kama mm 10, akashuka taratibu mpaka namba 1, yaani mm 3, karibu na sikio. Hakufika ngozini. Mbele ya masikio aliacha ncha nyembamba ya nywele inayoshuka kidogo juu ya ukingo wa shavu, na hiyo ndiyo sehemu ninayoisifu kuliko zote. Ni ndogo, hata mama yangu hakuiona mpaka nilipomwonesha, lakini inafanya uso uanzie ndani zaidi kuliko unapoanzia kweli. Kwenye kona za paji alichonga pembe badala ya mviringo. Juu akaacha nywele ndefu, zikiwa zimenyanyuka mbele ya utosi na kuegemea upande mmoja. Nilipomuuliza kwa nini zisiwe duara safi, alijibu kwamba duara ninayo tayari, ya nini kuongeza ya pili.

Matokeo yanaonekana, hasa kwa mtu anayekutazama uso kwa uso. Shavu halijapungua hata milimita, ila jicho linapima upana kwa kuulinganisha na kilicho jirani yake. Kimo kikiongezeka juu na pembeni pakibanwa, uso unasomeka mrefu. Watu kadhaa waliniuliza kama nimekonda, na mmoja akaniuliza kama naumwa, swali ambalo nimelipokea kwa roho safi.

Ukinitazama ubavuni, hakuna muujiza. Kidevu cha pili kipo pale pale, na kwa kuwa shingo sasa iko wazi, kinaonekana vizuri zaidi kuliko zamani. Kama hicho ndicho kinachokusumbua, mkato huu si wako. Vilevile kama uso wako ni mrefu, kimo cha juu kitakurefusha zaidi, na pembeni kukiwa kweupe utaonekana umekonda kwa namna usiyoitaka.

Dada yangu, ambaye nywele zake zinalala, alimwendea fundi huyo huyo akakatiwa tofauti kabisa kwa kanuni ile ile. Alikuwa na bobu iliyoishia kidevuni, mstari ulionyooka kabisa, na mstari wa namna hiyo kwenye uso wa duara ni kama mkanda uliofungwa penye tumbo. Sasa nyuma ni fupi, mbele zinashuka kuelekea kwenye mtulinga, na zile za kwenye paji zinapita kwa mshazari badala ya kulifunika lote. Paji likifunikwa lote uso unafupika, na ukifupika unapanuka. Njia ya nywele nayo imehamia pembeni. Wanaosukwa nywele wanaweza kupata jambo hilo hilo bila mkasi, kwa kuzibana rasta juu ya utosi. Twende kilioni inayokaza pembeni nayo inasaidia, mradi isikuvute kingo za nywele mpaka zikatike. Wanaume wenye mashavu wana bahati ya ndevu: zikatwe fupi shavuni na kuachwa ndefu kidogo kidevuni, basi.

Hereni pia. Ndefu nyembamba zinaendana na mkato huu, zile pete kubwa za duara zinarudisha mashavu yote.

Tatizo kubwa ni matunzo. Nywele hukua kwa wastani wa kama sm 1 kwa mwezi. Juu hutaona kitu, lakini pembeni palipokuwa na mm 3 sasa pana mm 13, zaidi ya mara nne, na pale penye shavu ndipo panapoanza kuvimba. Kwa hiyo unarudi kwa fundi mara nyingi kuliko mtu wa nywele ndefu. Wakati mwingine narudi kwa ajili ya pembeni tu, juu hapaguswi. Ukilala bila kitambaa laini, asubuhi kimo kimelala upande uliolalia. Mimi nazilowesha kwa kupulizia maji kidogo, nazinyanyua na chanuo kutoka shinani kwenda juu, na pembeni sigusi, maana kuzichanua ni kuupanua uso kwa mkono wangu mwenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya safari hizo za saluni, na pia kwa sababu mkato huu unategemea mkono wa fundi mno: siku moja alikuwa hayupo, msaidizi wake akanichongea paji mviringo, na mpaka kona ziliporudi nilikuwa navaa kilemba.